Najua kila kitu kuhusu VVU, mbona bado nilifanya bila kondomu?

Swali: Shikamoo Daktari. Nina miaka 20, nasoma chuo mwaka wa pili, na ni mwelimishaji rika. Njia za maambukizi nimewafundisha wenzangu mpaka nimezikariri kama sala. Nina mpenzi wa miezi miwili, mwanafunzi mwenzangu. Mwanzoni tulitumia kondomu kila mara. Juzi baada ya sherehe hatukutumia, na haikuwa mara ya kwanza. Hatujawahi kupima pamoja. Najishangaa: kama mimi ninayefundisha nafanya hivi, hii elimu ina faida gani? Wenzangu niwaambie nini? Au niiache tu hii kazi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kabla sijagusa swali lako, nianze na saa. Umeandika "juzi". Kuna anayesema juzi akimaanisha siku mbili zilizopita, na kuna anayemaanisha wiki iliyopita. Hapa tofauti hiyo ni kubwa. Kama bado hazijatimia saa 72 tangu tendo lile, acha kusoma, nenda kituo cha afya kinachotoa huduma za VVU ukaombe PEP. Ni dawa ya dharura inayozuia virusi visijijenge mwilini baada ya mtu kuwa kwenye hatari. Huanzwa ndani ya saa hizo 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu, kwa hiyo usingoje asubuhi kama usiku huu kuna mlango ulio wazi. Watakupima kwanza, kisha utameza kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Ukiwa hapo hapo, ulizia pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Hiyo ina nafasi hadi siku tano, nayo pia kuwahi ni bora. Na kama usiku ule hukuridhia, au ulikuwa umelewa kiasi cha kushindwa hata kukataa, mwambie mhudumu hivyo hivyo ilivyokuwa. Kuna huduma zaidi unazostahili, na kosa si lako.

Kama saa 72 zimeshapita, usijifungie chumbani na hofu. Pima sasa, kisha urudi. Kipimo cha leo kitakuonyesha hali yako ya wiki kadhaa kabla ya siku ile, lakini kuhusu siku ile yenyewe hakina la kusema, kwa sababu ya kile tunachokiita kipindi cha dirisha: virusi vinaweza kuwa vimeshaingia na kipimo bado kisivione. Vipimo vya maabara vinavyotafuta virusi na kinga kwa pamoja huwa na jibu la kuaminika kufikia siku ya 45. Vipimo vya haraka vya kutoboa kidole, na vile vya kujipima mwenyewe, vipe miezi mitatu. Waambie wakupime na kaswende na kisonono pia. Magonjwa hayo mara nyingi hukaa kimya kwa mwanamke, na ukiwa nayo VVU hupata njia rahisi zaidi ya kuingia.

Sasa tukae tuzungumze.

Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha ushauri nasaha kinachohudumia vijana. Waliokuja kwangu kwa sababu hawakujua VVU huambukizwaje ni wachache mno. Kuna kijana mmoja wa chuo namkumbuka sana. Alinitajia damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama bila kukosea, kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya msimamizi wa mtihani. Nikamuuliza, "Na mara ya mwisho ambayo kondomu haikutumika, ilikuwaje?" Akaanza kuikunja kona ya kadi yake ya miadi. Akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ngumu kama kijiti. Kisha akasema, "Daktari, yule si mtu wa hivyo."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa wasichana na wavulana, wanaosomea sheria na wanaosomea uuguzi. Si mtu wa hivyo. Naamini hata wewe, usiku ule, uliisema moyoni bila kutamka. Hapo ndipo lilipo jibu langu kwako. Ulichojifunza na ulichofundisha ni habari za virusi. Uliyekuwa naye usiku ule hakuwa virusi, alikuwa mtu unayempenda. Elimu ilikuandaa kumkwepa "mtu wa hivyo", yule mgeni wa kutisha kwenye mabango, na haikukuandaa hata kidogo kukaa kitandani na mtu anayekujua jina la utani, aliyekuletea dawa ulipoumwa kichwa, ambaye kumwambia "tumia kondomu" kunasikika kama kumwambia "nakushuku".

Angalia ulivyoniandikia mwenyewe: mwanzoni kila mara, halafu hapana. Wengi hupita humo humo. Wiki za kwanza kondomu ipo, kwa sababu bado ni wageni. Wakishazoeana, kuitoa kunakuwa ishara ya kwamba sasa ni wapenzi kweli. Hakuna anayesema "tuache kondomu". Siku moja inakosekana, hakuna anayeuliza, na siku ya pili kuuliza kunakuwa kugumu zaidi kwa sababu jana hukuuliza. Kilichobadilika katikati ya wiki ya kwanza na ya nane ni mapenzi peke yake. Damu zenu zilikuwa vile vile.

Na wanafunzi wengi mnajihesabu hivi: nina mpenzi mmoja tu. Ni kweli, ni mmoja kwa wakati mmoja. Lakini mapenzi ya chuoni yanaweza kuisha kabla ya muhula kuisha, na mengine yakaanza muhula unaofuata, kila moja likiwa la dhati. Virusi huwa vingi sana mwilini katika wiki za mwanzo baada ya mtu kuambukizwa, wakati yeye mwenyewe hajui, pengine alipata homa ya siku chache akadhani ni mafua. Mtu akitoka kwenye penzi moja akaingia jingine ndani ya muda huo, akaacha kondomu mapema kwa sababu huyu mpya "si mtu wa hivyo", anaweza kuambukiza bila kumdanganya mtu yeyote. Simsemi mpenzi wako. Nasema uaminifu wake hauwezi kukujibu swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo waelimishaji rika wengi hulikwepa, nalo ni namba. Tumewazoesha vijana kuamini kwamba ukilala na mwenye VVU mara moja bila kinga, umekwisha. Tulidhani hofu hiyo itawalinda. Ukweli ni kwamba, kwa makadirio yanayotumika sana, mwanamke akifanya ngono ya ukeni bila kondomu na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa kwa tendo moja ni wastani wa 8 kati ya 10,000. Kwa ngono ya njia ya haja kubwa, kwa anayeingiliwa, unapanda hadi karibu 138 kati ya 10,000.

Najua kuna watakaonilaumu kwa kuandika namba hizo hadharani. Lakini nimeona kinachotokea zikifichwa. Kijana aliyeambiwa "mara moja tu umekwisha" akiteleza mara moja, hubaki na njia mbili, na zote mbaya. Akipima akakutwa salama, anaanza kuamini kwamba damu yake ni ya aina ya pekee, kwamba yeye "hashikiki". Asipopima, anajihesabu ameshaambukizwa. Na mtu aliyejihesabu ameshaambukizwa haoni tena sababu ya kondomu. Nimewahi kuzungumza na msichana aliyeishi mwaka mzima na imani hiyo ya pili, akijiachia kwa sababu "imeshakuwa", na siku alipopima hakuwa na kitu. Alilia kwa sauti nisiyoisahau. Zile kinga zote alizoziacha mwaka ule bado zingemfaa.

Basi wafundishe wenzako namba kwa ukamilifu wake. Wastani ni mdogo, ndiyo, lakini ni wastani tu. Hupanda sana kama mwenzako ameambukizwa karibuni, na hupanda kukiwa na ugonjwa mwingine wa zinaa au michubuko. Mara moja inaweza kutosha, na imewatosha wengi. Halafu tendo halibaki moja. Wewe mwenyewe umesema haikuwa mara ya kwanza. Kila linaporudiwa, hatari inajumlishwa juu ya ile ya jana. Na kwa upande mwingine kabisa, mwenye VVU anayemeza dawa za kufubaza virusi vizuri, mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione, haambukizi kwa ngono. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja wao ana VVU na anatumia dawa. Walifanya ngono bila kondomu mara zinazokadiriwa kuwa 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Kwa hiyo yule mwanafunzi mnayemnong'ona kwa sababu alionekana akichukua dawa kliniki anaweza kuwa mtu salama kuliko kijana mwenye afya tele asiyejua hali yake. Hili nalo huwa halimo kwenye mabango.

Uliuliza kama elimu ina faida. Inategemea umeelimisha nini. Mwaka 2004, magharibi mwa Kenya, mtafiti wa uchumi Pascaline Dupas alilinganisha aina mbili za elimu katika shule za msingi. Moja ilikuwa ile ya kawaida, walimu kufunzwa kufundisha somo la UKIMWI lenye msisitizo wa kusubiri mpaka ndoa. Nyingine ilikuwa kipindi kimoja cha dakika 40 hivi kwa wanafunzi wa darasa la nane, wakionyeshwa kiwango cha maambukizi kwa umri na jinsia, ili wasichana waone kwa macho yao kwamba wanaume wazima wameambukizwa kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa rika lao. Mimba ndizo zilizotumika kama kipimo cha ngono bila kinga, kwa sababu mimba haifichiki. Ile ya kwanza haikuzipunguza. Kile kipindi kimoja kilizipunguza kwa asilimia 28, na upungufu ulitokana hasa na mimba za wanaume waliowazidi wasichana hao umri kwa mbali.

Wasichana wale hawakuambiwa "acheni". Waliambiwa jambo ambalo hawakulijua na linalohusu uchaguzi walio nao kweli: huyu au yule. Wengi walidhani mtu mzima mwenye kazi, aliyetulia, ndiye salama. "Si mtu wa hivyo" iliwekewa tarakimu, ikaanguka. Mimi nikisikia mtu anasema vijana hawasikii, huwa nakumbuka dakika 40 zile.

Kuhusu hofu, siwezi kuwaombea irudi. Kizazi kilichonitangulia kilijifunza kwa kuona. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hadharani kwamba ana VVU, akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza na watu. Wapo waliodhani anatafuta umaarufu, na kabla mwaka ule haujaisha alikuwa amefariki. Waliomwona hawakuhitaji bango. Ninyi mmezaliwa baada ya mwaka 1996, wakati dawa za mseto za kufubaza VVU zilipoanza kubadilisha hali hiyo, na nashukuru kwamba hamkuyaona waliyoyaona wao. Lakini ugonjwa usioonekana haujaondoka. Mwaka 2023, kila wiki, wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 24 wapatao 4,000 duniani waliambukizwa VVU, wengi wao kusini mwa Jangwa la Sahara.

Turudi kwako na kijana wako, maana hamjapima na Jumamosi nyingine inakuja. Zungumza naye mchana, mkiwa mmevaa nguo, mkitembea ikiwezekana. Kwenye matembezi hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na maneno magumu hutoka kirahisi zaidi. Usianze na "nina wasiwasi nawe". Anza na lako: "Nataka nikapime, na nataka twende wote. Mpaka tupime mara mbili, leo na baada ya miezi mitatu, turudi kwenye kondomu." Ukiwa kwenye PEP, mwambie na hilo.

Huenda akasema, "Ina maana huniamini?" Karibu wote husema hivyo, tena si kwa ubaya, ni kwamba ameumia. Mjibu taratibu: "Nakuamini unavyoniambia. Damu yako siijui, na wewe huijui, na yangu pia hatuijui." Kisha nyamaza. Wasichana wengi hukosea hapo: wanaona ukimya mzito, wanaujaza kwa kuomba radhi, na mazungumzo yanageuka kuwa ya kumbembeleza yeye. Mwache afikiri. Akikubali, wekeni siku, msiseme "tutaenda". Akikataa katakata kupima na kutumia kondomu pia, umeshapata jibu la swali kubwa kuliko VVU. Hilo utaamua mwenyewe, ila usilale naye ukiwa bado unaamua.

Na pombe. Umeitaja sherehe kwa neno moja tu ukapita. Pombe haikufuti unachokijua, inakupunguzia ujasiri wa kukatisha jambo tamu katikati ili kutafuta kitu kwenye mkoba. Kwa hiyo uamuzi unafanywa kabla ya glasi ya kwanza: kondomu iko kwako wewe, kwenye mfuko unaoujua hata gizani. Usitegemee kwamba yeye anayo. Aliyonayo mara nyingi imekaa miezi kwenye pochi ya suruali, imekaliwa na kupata joto, na ile pete yake imeshaonekana juu ya pakiti kama sarafu. Hiyo itupe.

Kwenye semina zangu kuna zoezi moja nakusihi uliibe. Kila mwelimishaji huonyesha kondomu mchana, mezani, kwa mikono mikavu, na wote wanacheka wanamaliza. Mimi huzima taa. Nawapa pakiti na ule uume wa mbao, nawaambia wafungue na kuvisha gizani. Utasikia chumba kizima kikihangaika. Mmoja anararua kwa meno, na meno hutoboa mpira. Mwingine anaivisha kinyume, haifunguki, anaigeuza na kuendelea nayo, kumbe ile iliyogeuzwa imeshagusa majimaji na ilipaswa kutupwa. Wengine hawajui kupapasa pakiti kwanza, kuisukuma kondomu pembeni, ndipo wachane ukingo. Wengi husahau kubana chuchu ya mbele ili hewa itoke. Taa zikiwaka nawauliza nani angepaka mafuta ya kujipaka iteleze, na mikono inanyooshwa. Mafuta hulainisha mpira wa kawaida mpaka ukapasuka ndani ya dakika chache. Vilainishi vya maji ndivyo vinavyofaa. Na mwishoni, kushika ukingo wakati wa kutoka, kabla uume haujalegea. Baada ya zoezi hili hakuna anayecheka tena, na maswali yanayokuja ni ya kweli.

Kama unaona kondomu itakuwa vita ya kila wiki, uliza kuhusu PrEP. Ni dawa anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, kidonge kila siku, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2015 kwa watu wote walio kwenye hatari kubwa. Kuna pia sindano. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la lenacapavir, sindano ya kila miezi sita, kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda: kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wauguzi wa kituo chako watakueleza kilichopo kwao. Uzuri wa PrEP ni kwamba huhitaji ruhusa ya mtu wala mjadala kitandani. Upungufu wake ni kwamba haizuii mimba, kisonono wala kaswende.

Umeniuliza kama uache uelimishaji rika. Usiache, na usisimame mbele ya wenzako ukitangaza yaliyokupata kana kwamba unatubu. Hudaiwi siri yako na mtu yeyote. Badilisha tu pale unapoanzia. Najua mnaanzaga na "UKIMWI ni nini", na wote wanajibu kwa pamoja huku wakichezea simu. Safari hii gawa vikaratasi visivyo na majina, uandike ubaoni swali moja: mara ya mwisho kondomu ilipokosekana, wewe ulisema nini, na mwenzako alisema nini? Vikusanye, vichanganye, visome kimoja kimoja kwa sauti. Vingi vitakuwa na neno moja tu, "hatukusema". Hapo muulize aliyekaa mbele angesema nini, kisha aliye nyuma yake, mpaka watamke kwa midomo yao.